Dumejani la Maji ya Mvua

Mume wangu wa kwanza, ambaye pia ndiye wa mwisho, aliniacha kwa sababu ya mdomo. Aliwaambia wazee wetu wa Kasongo kwamba nyumba yake haina shida ya jiko wala ya kitanda. Shida ni mwanamke asiyeweza kulala na neno tumboni. Sikubisha. Nilifunga mzigo wangu, nikarudi kwa baba, na njiani nikawasimulia watu wa sokoni habari yote tangu mwanzo. Nayasema haya mapema ili ujue ni mtu wa namna gani ambaye Bulamatari, yaani serikali ya Wabelgiji, ilimchagua miaka ile ya vita aitunzie siri yake.

Na siri yenyewe ilikuwa mvua. Usicheke. Mimi nilicheka, na utaona nilipofikia.

Baba alikuwa mwalimu wa chuo, akiwafundisha watoto wa Kasongo Kurani, na alikuwa mlimaji wa mpunga kama mababu zetu waliokuja na misafara ya biashara kutoka mashariki. Nilipokuwa msichana mdogo, bwana mmoja wa mashamba, Mbelgiji mwenye ndevu nyekundu, alimpa kopo la bati lenye mdomo wa faneli, pamoja na bilauri nyembamba yenye mistari ubavuni. Kazi yake ilikuwa nyepesi. Kila asubuhi unamimina maji ya kopo ndani ya bilauri, unasoma yamefika mstari gani, unaandika, unayamwaga. Yule bwana aliwagawia wengine pia: mapadri wa misheni, karani mmoja kule kwenye machimbo ya dhahabu ya Salamabila, na wengine ambao hatukuwahi kuwaona kwa macho. Sharti lake lilikuwa moja tu, kwamba namba zisifichwe. Kila mmoja amwandikie mwenzake alichopata, na kila mmoja azitundike mahali ambapo mpita njia ataziona. Baba aliipenda habari hiyo kupita kiasi. Akamwingiza na rafiki yake aliyesoma naye utotoni, aliyehamia Ujiji, ng'ambo ya ziwa, kwa Waingereza. Walipelekeana namba kwa herufi za Kiarabu, kama tulivyoandika Kiswahili chetu sisi sote, na barua zilisafiri ndani ya mizigo ya wachuuzi wa chumvi.

Kila Ijumaa baada ya swala tulitundika ubao sokoni. Waislamu walikuja kuutazama, Wakristo walikuja, na wasiojua kusoma walimshika mtu shati awasomee. Kwetu mvua ya kwanza ni tapeli. Inapiga siku tatu kwa makelele, udongo unanukia, kila mtu anakimbilia mbegu. Kisha jua linarudi wiki mbili, wiki tatu, na mpunga uliochipuka unakauka kama ndevu za mahindi. Baba, kwa kulinganisha namba zake na za Ujiji na za Salamabila mwaka baada ya mwaka, aligundua kwamba mvua tangu ile ya kwanza ikishajumlika na kufika kipimo fulani, hairudi nyuma tena. Watu walitaka kumfanya mganga. Akakataa kwa hasira. Alisema ni kuhesabu tu, na anayetaka aje ahesabu naye.

Macho yake yalipoharibika nikawa mimi ndiye ninayesoma bilauri. Naye aliketi kizingitini, uso ameuelekeza niliko, akisubiri namba kama mtu mwingine anavyosubiri chai.

Vita vya Wazungu vilipoanza, yule bwana wa ndevu nyekundu alikwishaondoka. Ijumaa moja polisi alikuja akaung'oa ubao. Alisema namba za mvua ni mali ya jeshi sasa, kwa sababu ya ndege. Adui akijua hali ya anga yetu atatudhuru. Nikamwuliza huyo adui atapita njia gani kuja kusoma ubao wa Kasongo, maana njia zetu hata mbuzi huzilaumu. Watu walicheka. Polisi hakucheka. Baba alinifinya mkono, akaniambia ninyamaze.

Angenyamaza na yeye! Lakini aliendelea kumwandikia rafiki yake wa Ujiji, maana kwake kuacha nafasi moja wazi katika daftari ilikuwa kama kuacha swala. Barua ikakamatwa kwenye gunia la mchuuzi kabla ya kufika ziwani. Safu za namba, herufi za Kiarabu, inakwenda nchi nyingine. Wakamwita baba ofisini. Alipoulizwa namba hizo zinaficha nini, alijibu kwa adabu zake zote kwamba hazifichi chochote, ni mvua.

"Ndiyo maana tumekuita," bwana akamjibu. "Mvua ndiyo yenyewe."

Sasa hapo unajitetea vipi? Ukisema uongo ni mpelelezi, ukisema kweli ni mpelelezi zaidi. Walichukua madaftari yote, wakachukua kopo, wakachukua bilauri, wakamfanya baba kuwa relege. Relege ni mtu aliyeondolewa kwao na kuwekwa mahali pengine, bila kuta, bila kufuli, bila siku ya kutoka. Mahali petu palikuwa Kabambare. Tulitembea siku tano, mkono wake begani mwangu, na askari nyuma yetu akilalamika kuhusu viatu vyake.

Gereza lenye kuta, naamini, lina nafuu yake, maana unaona kinachokuzuia. Kabambare tulipewa kibanda kando ya njia ya sokoni, na tukaonyeshwa kijito upande mmoja na nyumba ya mwisho upande wa pili. Kupita hapo, mpaka karatasi ya ruhusa. Kila Jumamosi nilimpeleka baba mbele ya karani ili aonekane kwamba yupo, nikawa nakasirika kila Jumamosi: kipofu anatembezwa nusu saa juani ili atazamwe! Barua, hakuna. Kupokea watu wa Kasongo, hakuna. Mama yangu alizikwa Kasongo nyuma ya nyumba yetu, na baba alikuwa na ombi moja tu duniani, alilolisema waziwazi kila alipokohoa: alale karibu naye. Kifua chake kilikuwa kinaharibika. Mimi nilikisikia kile kikohozi na kuhesabu njia ya siku tano, nikajua kwamba tusipoondoka mapema hataweza kuitembea tena.

Ndipo bwana wa teritwari, mkubwa wa Kabambare, akaniita. Mzungu mwembamba, wa homa za mara kwa mara, si mkali wa kupiga kelele. Boma lilikuwa na kopo lake la mvua, na karani alikuwa akilisoma akiwa bado ndani ya blanketi, akiandika mvua siku za jua na jua siku za mvua, mpaka wakubwa wa mbali wakashtuka. Bwana alikuwa amesikia kwamba binti wa yule relege anajua kupima. Akaniambia nipime. Kila asubuhi niandike namba kwenye kikaratasi, nikifunge, nimpelekee karani. Nisimwambie mtu, nisimwandikie mtu, nisitundike popote. Msimu ukipita bila neno kutoka, ataandika kwamba baba yangu si hatari tena, na tutarudi Kasongo.

"Na neno likitoka?" nikauliza.

"Mutabaki hapa," alisema. "Miye sitakuwa na nguvu ya kuwasaidia."

Nilirudi nikamweleza baba. Akasema nikubali, maana siku isiyopimwa hakuna atakayeipima kesho. Nikadhani anafikiria kaburi la mama.

Kopo likahamishiwa, pamoja na bilauri yake, mbele ya kibanda chetu, uwanjani, pasipo na mti wa kulizuia, likazungushiwa vijiti. Yaani walichukua siri ya jeshi wakaipanda kando ya njia ya sokoni, kisha wakaniambia mimi, mimi mwenye mdomo huu, nisiseme. Nyumba ya pili kutoka kwetu aliishi mama mmoja wa Kibangubangu, mlimaji, na mumewe. Tangu tulipofika alikuwa akituletea sombe, ile mboga ya majani ya mihogo, na mihogo yenyewe bila kuombwa. Mumewe alitembea ameinama. Mwaka uliotangulia monita, yule msimamizi mweusi wa mashamba ya lazima, alikuwa ametoa amri ya kupanda mpunga mara tu baada ya mvua ya kwanza; wakapanda, jua likarudi, mpunga ukafa. Bulamatari haikulaumu jua. Iliwaita wavivu, na yule mzee akalazwa chini mbele ya ofisi akapigwa fimbo, mkewe akitazama, kisha akakaa kasho, yaani gerezani, miezi mitatu. Mbegu walizobaki nazo zilijaa kikapu kimoja tu.

Mvua ya kwanza ya mwaka ule ilipiga siku tatu. Makelele, harufu, vyura, kila kitu. Siku ya nne monita alipita akitangaza: wiki hii kila mtu apande. Asubuhi ile ile yule mama akaja akasimama kwenye vijiti vya kopo, nami nina bilauri mkononi.

"Binti," alisema, "iko unapima hii mvua kila siku mbele ya macho yangu. Miye siulizi mambo ya vita. Imetosha ao bado?"

Nilikuwa naijua namba. Nilikuwa nakijua na kipimo cha baba, maana daftari walichukua, lakini kichwa changu hawakukikagua. Ilikuwa bado, tena bado sana. Neno lilinipanda mpaka kwenye meno. Nikasikia baba anakohoa ndani.

"Sijui, mama," nikasema.

Alinitazama. Hakunitukana, na afadhali angenitukana. Aliondoka, na kesho yake alipita bila kunisalimu. Jioni sombe haikuja. Mumewe alipita ameinama vilevile, akaangalia kopo langu, akatema mate pembeni. Mama yangu wee, niliona aibu! Nimegombana na watu wengi maishani, na mara nyingi kosa lilikuwa langu, lakini sijawahi kujichukia kama siku zile mbili. Nilikuwa nimefungiwa ndani ya mdomo wangu mwenyewe, na ufunguo alikuwa nao baba bila kujua. Ndivyo nilivyofikiri.

Siku ya tatu Mwislamu mmoja wa pale alimleta mtoto mwenye homa, akamwomba baba kombe. Unajua kombe: mwalimu anaandika aya kwenye sahani kwa wino wa zafarani, kisha maandishi yanaoshwa kwa maji safi na mgonjwa anayanywa. Baba hakukubali maji ya kijito. Siku zote aliosha kombe kwa maji ya mvua. Akaniuliza, "Mama, yale maji ya kopo unayamwaga wapi?"

"Chini," nikasema.

"Haramu," alisema. "Yatunze."

Nilisimama pale na bilauri yangu kama mtu aliyepigwa kofi. Yatunze! Nisiseme, nisiandike, nisitundike: hayo ndiyo niliyokatazwa. Kutunza maji, nani alinikataza?

Nilikwenda kwenye duka la Mgiriki nikabadilisha mkeka mpya kwa dumejani, ile chupa kubwa ya tumbo, ya kioo cheupe. Ilikuwa ya divai. Niliisugua kwa majivu na mchanga mara saba, na baba aliponiuliza nikamwambia ilikuwa ya siki. Sasa sikiliza nilivyofanya. Maji ya zile siku za kwanza nilikuwa nimeyamwaga, lakini namba zake ninazo kichwani. Nikayapima mengine kwa bilauri, mstari kwa mstari, nikayatia. Nikaiweka chupa dirishani, upande wa njia. Kisha nikahesabu kipimo cha baba kingefika wapi, na hapo, begani mwa chupa, nikafunga ukindu mzunguko mmoja. Kila asubuhi nilisoma bilauri, nikaandika kikaratasi cha siri, nikakifunga vizuri, nikakipeleka kwa karani kama mtu mwaminifu. Halafu nikamimina maji ndani ya dumejani, nikaziba.

Maji ya kombe, je? Ningeyachota mle, kimo kingeshuka na hesabu ingeharibika. Kwa hiyo nilimtekea baba maji ya mtungi uliokuwa chini ya paa, nikamwambia ni ya kopo. Kumdanganya kipofu, baba yako, tena juu ya aya za Mungu! Nilitubu kila siku, na kila siku nikafanya tena.

Yule mama alipita siku ya pili yake, akaona chupa. Akasimama.

"Hii ni nini?"

"Maji ya dawa ya baba."

"Na hii kamba?"

"Ya kubebea."

Aliutazama ukindu, ambao usingeweza kubeba hata mtoto wa paka. Akatazama maji, yaliyokuwa chini kabisa, hayajafunika tumbo. Akatazama kopo. Halafu akaniangalia usoni, akaanza kucheka taratibu, mabega yakimtikisika, akaziba mdomo kwa kanga. Sikucheka. Niliinama kufagia mahali palipokuwa safi. Jioni ile sombe ilikuja, imejaa bakuli.

Baada ya hapo sijawahi kuona watu wanaohitaji moto kama watu wa Kabambare. Huyu anakuja kuomba kaa, yule anauliza njia ya sokoni, njia aliyozaliwa nayo. Wote wanasalimia, wote wanatazama dirishani, wote wanaondoka. Hakuna aliyeniuliza kitu nami sikumjibu mtu. Monita alipokwenda mashambani aliwakuta wote wanapanda, kama alivyoamuru: mashimo yamechimbwa kwa mstari, kila mmoja ana kikapu kiunoni, mikono inaingia kikapuni, inainama, inafukia. Ila mikono ilikuwa mitupu. Walifukia udongo kwa udongo, shamba baada ya shamba, na monita akaandika kwamba wamepanda.

Kisha jua likarudi. Siku tisa, kumi, kumi na tano. Udongo ukapasuka. Kwenye dumejani maji yalisimama palepale, nami nikalala vizuri kwa mara ya kwanza tangu Kasongo. Baba aliniuliza mara moja tu, "Jua limekaa sana?" Nikasema ndiyo. Akaguna.

Mvua ya kweli ilipoanza, maji yalipanda haraka. Tumbo likajaa, yakaanza kupanda begani. Asubuhi moja nilimimina, nikaacha bilauri, nikakaa chini. Yalikuwa yamegusa ukindu. Sikufanya lolote zaidi, wallahi. Nilifungua dirisha tu. Kabla ya adhuhuri hakukuwa na mtu aliyebaki kijijini isipokuwa sisi na wagonjwa.

Mpunga wa Kabambare nzima ulichipuka kwa pamoja, kijani kibichi, na ulikuwa umechelewa wiki tatu kwenye hesabu ya monita. Hilo ndilo lililotumaliza. Bwana wa teritwari hakuwa mjinga. Mpunga uliopandwa siku moja, shamba la Mkristo na la Mwislamu, la mume na la mjane, na mbegu zote eti zililala ardhini zikisubiri! Alikuja mwenyewe na karani na monita, akasimama uwanjani. Alitazama kopo, akafuata kwa macho mpaka dirishani.

"Hiyo chupa?"

"Maji ya dawa, Bwana. Ya dini yetu."

Aliomba aletewe. Akaomba bilauri. Akamwambia karani afungue daftari la vikaratasi vyangu. Kisha akaketi kwenye kigoda chetu na kuanza kumimina, bilauri baada ya bilauri, akisema namba kwa sauti, karani akiandika. Baba alikuwa kizingitini, amenyoosha shingo, anasikiliza. Ilichukua muda. Nilikuwa nimesimama, nikiomba niwe nimekosea. Loo! Mimi niliyejivuna kwamba sikosei, mimi niliyemcheka karani wa blanketi, nilimwomba Mungu aniaibishe, hesabu isikubali, niwe mwanamke mzembe aliyeokota maji ovyo. Walipomaliza na kujumlisha, chupa na vikaratasi vilitofautiana kwa mstari mmoja. Na huo mmoja, naamini mpaka leo, ni yeye aliyejimwagia mkononi.

"Nani alikutuma?" aliniuliza.

Kabla sijafungua mdomo, baba akasema, "Miye. Mutoto hana kosa. Nilimwambia atunze maji."

Bwana alivua kofia akajifuta jasho. Alisema karatasi ya kurudi Kasongo ilikuwa mezani kwake, imebaki sahihi. Alisema mpunga mwaka huu ni mzuri, wakubwa wake watafurahi, na hawezi kuwaeleza kwa nini. Nilimjibu kwamba basi na yeye sasa ana siri ya kutunza, mdomo wake utazoea. Alijifanya hakusikia. Akaondoka na kopo, akaondoka na bilauri, akaacha dumejani tupu limelala kwenye matope.

Tulipobaki wawili nilimwangukia baba miguuni. Nililia kwa sauti, kama nilivyo, sijui kulia kimya. Nikamwambia yote: chupa, ukindu, maji ya mtungi. Nikamwambia nimemwuza kwa mpunga wa watu.

"Chupa ya divai," alisema.

Nikainua kichwa.

"Uliniambia ya siki. Na kombe langu limekuwa na ladha ya nyasi za paa msimu mzima." Alikohoa, akangoja kikohozi kipite. "Wewe ulidhani inasomwa kwa macho? Kila asubuhi ulikuwa unamimina, nami nasikia. Chupa ikiwa tupu sauti yake ni nene. Ikijaa inakuwa nyembamba. Siku ile ilipoimba kama filimbi nikajua imefika begani, watu watapanda, na mimi sirudi Kasongo."

"Kwa nini hukunikataza?"

"Nikukataze nini?" alisema. "Mimi ndiye niliyekuuliza unayamwaga wapi."

Siku chache baadaye yule mama jirani alikuja kuniomba dumejani. Nilimwambia alichukue, sitaki kuliona. Sikumwuliza la nini, na hilo lenyewe likujulishe hali niliyokuwa nayo. Misimu miwili ikapita. Jumamosi kwa Jumamosi nilimpeleka baba aonekane, mpaka alipokuwa hawezi kutembea, karani akaja kumwona kitandani. Mashamba ya Kabambare yalichipuka kwa pamoja mwaka wa kwanza, na mwaka uliofuata vivyo hivyo. Mimi sikuwa na kopo. Nilidhani watu wamebahatika.

Baba alifariki mvua za msimu wa tatu zikiwa zimeshika. Niliomba karatasi ya kumpeleka Kasongo, nikakataliwa. Wanaume walimwosha, wakamswalia, wakambeba kwenda makaburi ya Waislamu wachache wa pale. Sisi wanawake hatuendi kuzika, nikabaki mlangoni. Kwetu kaburi likishafukiwa hunyunyiziwa maji, na katika kuchanganyikiwa hakuna aliyeyachukua. Nilikuwa nageuka kutafuta mtungi nilipomwona yule mzee aliyeinama anakuja njiani, si Mwislamu, hata salamu yetu ya msiba hajui kuijibu. Alikuwa amebeba dumejani begani. Mkewe alitembea nyuma yake na mkononi ana kopo la maziwa lililofungwa faneli ya kibuyu, mdomo wake mpana sawasawa na wa lile kopo la boma. Alikuwa ameupima kwa ukindu siku moja nilipoingia ndani kumtazama baba, akaniambia hivyo bila haya. Walikuwa wamenificha misimu yote miwili, ili bwana akiniuliza nisiwe na la kusema.

"Haya ni ya kopo," mama alisema. "Hatukuchota hata tone."

Maji yalikuwa yamefika kwenye ukindu, asubuhi hiyo hiyo. Yule mzee alipita nami nikamfuata, desturi au si desturi, mpaka kaburini. Wakayamimina yote. Kisha wakaenda kupanda.